Mgiriki Anayesuka kwa Mkono wa Kushoto

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwa Bi Mauza binti Saif, Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, na chumba chenyewe kilinitoka mikononi kwa sababu ya sahani moja ya halua.

Bi Mauza alikuwa na dada yake mkubwa, Bi Fakhriya, mke wa Mzee Muhiddin, yule aliyekuwa akiuza kamba, misumari na vioo vya taa mtaa wa tatu kutoka pale kwetu. Mzee Muhiddin alipata maradhi ya sukari. Hakuyajua kwa daktari kwanza, aliyajua kwa sisimizi, walioanza kupanga foleni chooni kwake kila asubuhi. Daktari alipompima akamwambia aache sukari, aache mkate mweupe wa dukani, apunguze samli, na kidonda alichokuwa nacho mguuni akitazame kila siku, maana mguu ule ungeweza kukatwa. Mzee akarudi nyumbani akamsimulia mkewe safari yote ya hospitali, mpaka rangi ya bilauri ya dawa, isipokuwa hayo ya kuacha.

Bi Fakhriya akayapata kwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, ambaye mama yake alikuwa akisukwa nywele na Bi Fakhriya. Siku hiyo hiyo akaitoa halua aliyoificha mumewe nyuma ya marobota ya kamba, akawamwagia kuku. Mzee akarudi kutoka msikitini adhuhuri, akawakuta kuku wake wamenatana midomo. Akasema palepale uani, jirani wakisikia:

"Fakhriya, nimekuacha talaka moja."

Hata hasira zake zilikuwa na kiasi. Alisema moja, hakusema tatu.

Kwa asiyejua, mwanamke wa talaka moja hukaa eda, kadiri ya miezi mitatu, na muda wote huo mumewe anaweza kumrejea kwa kutamka tu mbele ya mashahidi. Eda ikiisha, imekwisha. Hapo ni posa upya na ndoa upya, na mwanamke ana ruhusa ya kusema sitaki. Sheria inataka eda hiyo aikalie nyumbani kwa mumewe. Bi Fakhriya alisema sheria ni njema, lakini yeye hakai uani pamoja na kuku waliomsikia akiachwa. Akamtwika hamali sanduku lake, akaja kwa mdogo wake, na chumba cha kumlaza kilikuwa changu. Mimi nikahamia jikoni. Nililala baina ya kuni na mbuzi ya kukunia nazi, na kila nilipojigeuza mojawapo ilinichoma.

Kwa hiyo nasema mapema: sikuwa mtu wa kheri katika mambo haya. Nilikuwa nataka kitanda changu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimesoma madarasa mawili Bagamoyo kwa mapadre, nusu ya darasa la tatu Kilosa, halafu nikaacha kalamu nikashika sufuria katika jiko la Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge upande wa Kimamba, aitwaye Aristides. Nilikaa kwake miaka miwili. Jina langu Tarsis yeye ndiye mtu wa kwanza aliyelitamka bila kuniuliza lina maana gani. Kwake nilijifunza mkate wanaouoka kwa Pasaka yao, wa kusuka kama nywele, umejaa mayai na sukari na siagi. Nilipoondoka niliondoka na chachu yake katika kopo la maziwa, na chachu ile niliilisha unga kila siku kama mtu anavyolisha kuku. Nilizunguka nayo Morogoro, nikazunguka nayo Bagamoyo, mpaka ikafika Kariakoo nami.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni napiga mkate ule, Bi Fakhriya akasimama mlangoni. Alikuwa na wiki tano pale nyumbani na hajataja jina la mumewe hata mara moja.

"Tarsis, unafanya nini?"

"Mkate, Bi Mkubwa. Wa Kigiriki."

"Mbona unaunyonga?"

"Nausuka."

"Huko si kusuka. Huko ni kumfunga mtu asikimbie. Hebu sogea."

Nikasogea. Alikuwa mwanamke wa mashoto. Kula alikula kwa kulia kama watu wote, lakini kusuka, iwe ukili wa mkeka, iwe kichwa cha mtu, alianza na mkono wa kushoto, na msuko wake ukalala upande usioutarajia. Nusu ya wanawake wa Kariakoo ungeweza kuwajua kwa nyuma, ukasema huyu katoka kwa Fakhriya. Akaligawanya lile donge mara tatu, akalivuta, akalisuka huku ananihoji mimi kuna nini ndani. Nikamtajia mayai, sukari, siagi.

Mikono ikasimama.

"Huu ni wa kumwua Muhiddin," alisema.

Basi ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtaja. Akaufumua mkate wote, akaukanda ukawa donge tena, akanipa mimi nile nikipenda. Halafu akanituma dukani kwa Chandu kuchukua ata, ule unga wa ngano wenye pumba zake ambao Wahindi huufanyia chapati, wala si ule mweupe wa magunia ya ng'ambo.

Tulijaribu siku nne. Sukari akaitoa yote. Siagi akaitoa, akaweka kijiko kimoja cha mafuta ya ufuta. Ndani akatia vitunguu maji vilivyokaangwa mpaka vikawa na utamu wao wenyewe, kitunguu thomu kilichopondwa, bizari nyembamba aliyoikaanga kavu kidogo, na chumvi. Juu akapaka tui jepesi, akanyunyiza habasoda. Tanuri hatukuwa nalo. Nilikata debe la mafuta ya taa kwa ubavu, nikaliosha mara saba kwa majivu, tukaweka mkate ndani, tukapalia makaa chini na juu.

Wa kwanza vitunguu vilikuwa na maji, msuko ukatambaa ukawa chapati nene. Wa pili ulipendeza juu, lakini ulipogeuzwa Bi Mauza akasema umevaa kaniki nyeusi chini. Wa tatu ulinuka mafuta ya taa. Wa nne, kwa kweli, watu wa nyumba ya pili walibisha hodi kuuliza kuna karamu gani na kwa nini hawakualikwa.

Bi Fakhriya akaufunga katika kitambaa.

"Mpelekee yule mzee. Mwambie wa kuonja. Usimwambie umetoka kwangu."

"Nimwambie umetoka kwa nani?"

"Si una Mgiriki wako?"

Nikaenda. Mzee Muhiddin alikuwa amekaa kwenye baraza ya duka lake, mguu wenye kidonda ameuweka juu ya robota, pembeni yake Mwalimu Sadalla wa chuo cha Kurani na Mwinyimvua muuza kahawa, ambaye aliuza kahawa mji mzima lakini kila siku alichokea pale. Mwinyimvua alikuwa na dele lake la kahawa na sahani ya kashata, vile vipande vya nazi na sukari, na sahani ilikuwa imesogezwa karibu na mzee kuliko nilivyopenda.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuletea mkate wa kuonja. Kuna Mgiriki nimepata kujuana naye, anaoka."

"Marahaba. Mgiriki yupi? Kariakoo hapana Mgiriki."

"Amehamia."

Akakata ncha, akatafuna. Akatafuna tena. "Hauna sukari."

"Hauna, Mzee."

"Una pumba."

"Zimo."

Akaugeuza mkate ule mkononi. Akautazama msuko wake muda mrefu, akapitisha kidole gumba juu yake kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Huyo Mgiriki wako anasuka kwa mkono gani?"

Sikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo. "Wa kulia, Mzee. Kama watu."

"Mwangalie vizuri," akasema, akala.

Aliula wote. Mwalimu Sadalla alinyoosha mkono akaonyeshwa kashata. Alipomaliza akapangusa ndevu, akaniambia, "Mwambie Mgiriki chumvi imezidi."

Nilipofikisha, Bi Fakhriya alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Mwambie kwamba Mgiriki amesikia." Lakini mchele ule aliuchambua mara ya pili, nao ulikuwa safi.

Kuanzia siku hiyo nikawa mjumbe wa watu wawili ambao kila mmoja anajua, na kila mmoja anajua kuwa mwenziwe anajua, na hapana hata mmoja atakayekuwa wa kwanza kusema. Kila siku ya pili nilipeleka mkate, na kila siku ya pili nilirudi na neno.

"Mwambie Mgiriki kidonda kinaanza kukauka pembeni."

"Mgiriki anauliza habari ya kashata."

"Mwambie kashata ni za Mwinyimvua. Mimi nazitazama tu."

"Anazitazama kwa meno," akasema Mwinyimvua.

"Mgiriki anauliza pia nani anakufulia kanzu, maana anasikia ina madoa."

"Anasikia kwa nani?" akasema mzee, akanikazia macho, nami nikageuka kutazama vioo vya taa kana kwamba nataka kununua.

Baraza nzima ilijua. Mwalimu Sadalla alikuwa mtu wa heshima zake, lakini uchokozi hakuuacha chuoni. Siku moja akaniuliza kwa upole, "Tarsis, huyo Mgiriki mkataba wake wa kukaa hapa mjini unaisha lini?"

Mzee Muhiddin alikuwa anapima kamba. Akaacha kupima.

Hapo ndipo penye kazi. Hesabu ya eda anaijua mwanamke mwenyewe, kwa siku zake za mwezi. Mwanamume hawezi kuitafuta katika kalenda, huambiwa tu, na wa kumwambia alikuwa yule yule asiyesema naye. Nikaenda nikauliza. Bi Fakhriya akasema, "Mwambie aje aulize mwenyewe. Si mguu umepona?"

Nikarudi nayo. Mzee akasema, "Niende mimi? Aliyetoka ndiye arudi."

Nikaipeleka. "Aliyesema ndiye aje aseme," akajibu Bi Fakhriya, akafunga mlango wa chumba changu, na mimi nikabaki uani na mgongo wangu unaouma.

Zikapita wiki saba namna hiyo. Jumatano moja nilitoka sokoni na vitunguu nikamkuta Bi Fakhriya amekaa mkekani, ata iko ndani ya kapu haijaguswa, chachu imevimba inamwagika koponi.

"Leo hatuoki, Bi Mkubwa?"

"Leo wala kesho. Wiki saba namtumia mkate, Tarsis. Hajaniletea neno hata moja lenye jina langu ndani yake. Mgiriki, Mgiriki. Basi na aende akamrejee Mgiriki."

Alisema hayo huku akikunja ukili ambao ulikuwa umekwisha kunjika. Aliukunjua, akaukunja tena. Nikatoka.

Bi Mauza akanifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Wiki hii haitoki kabla eda haijaisha. Labda kesho kutwa, labda hata kabla yake. Ikipita, dada yangu namjua, hata akiletewa posa na mji mzima atakataa. Na atalia mwaka mzima, na atalilia humu ndani."

Humu ndani, maana yake chumbani kwangu.

Alhamisi nikaamka mapema nikaoka mwenyewe. Nilifanya kila kitu nilichomwona akifanya, isipokuwa vitunguu sikuvikaanga vya kutosha maana nilikuwa na haraka, na makaa ya chini niliyasahau yakauunguza nikimtazama paka. Msuko niliusuka kwa mkono wangu wa kulia. Ulipotoka ulikuwa mgumu, upande mmoja mnene na upande mwingine mwembamba, kama mtu aliyelala vibaya. Sikuwa na mwingine. Nikaufunga kitambaa kile kile nikaenda nao.

Mzee Muhiddin alikuwa na furaha asubuhi ile. Alianza kujisifu kwa Mwalimu kabla sijafika, namsikia, kwamba sasa hata viatu vinaingia mguuni. Akapokea mkate, akafungua kitambaa. Alipitisha kidole gumba juu ya msuko, mara moja tu.

"Huu si wa yule Mgiriki."

Nilikuwa nimekusudia kusema kweli. Njia nzima nilikuwa napanga kusema kweli. Lakini nilipomwona usoni, mdomo wangu ukaenda njia yake.

"Mgiriki ameacha kazi, Mzee."

"Ameacha?"

"Anakwenda Tanga. Kuna bwana huko, mwenye minazi yake, amesikia sifa za mkate."

Mwinyimvua akaacha kugonganisha vikombe.

"Bwana gani?" akauliza mzee.

"Jina sikulipata. Nasikia si mtu mzima sana. Ana meno yote."

"Na safari lini?"

"Wiki hii haitoki." Hilo peke yake lilikuwa kweli, na nadhani ndilo alilolisikia, maana rangi ilimtoka.

Akasimama. Akatia kofia kichwani, akauchukua ule mkate akaubana kwapani kama mwanafunzi na ubao wake. "Sadalla, inuka. Mwinyimvua, twende."

"Dele langu lina moto, Mzee."

"Lije na moto wake."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe shahidi wa jambo hili huwezi kuwa," akasema Mwalimu Sadalla, "lakini uongo wako ndio uliotuinua, kwa hiyo njoo tusije tukauhitaji tena."

Duka likaachwa wazi. Tukaenda, mzee mbele anakanyaga kwa mguu ule ambao wiki saba nyuma alikuwa akiupakata, Mwalimu ameshika kanzu isiburure, Mwinyimvua na dele linalofuka moshi. Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni na vikapu walisimama kutazama. Mmoja akauliza kuna maziko ya nani. Mwinyimvua akajibu kuwa bado haijajulikana.

Bi Mauza akafungua mlango nusu.

"Karibuni. Mnamtaka nani?"

Mzee akakohoa. Kumbe njia nzima hakuwa ametayarisha neno. "Nimekuja kwa ajili ya Mgiriki," akasema.

Ikatoka sauti ndani, nyuma ya pazia. "Hapa hapana Mgiriki."

Mwalimu Sadalla akainama sikioni mwake, lakini kwa sauti ya chuoni tuliyoisikia sote. "Muhiddin, sheria haimjui Mgiriki. Mtaje mtu kwa jina lake."

Jasho lilikuwa linamtoka mzee mpaka ndevuni. Akaubana zaidi ule mkate kwapani.

"Fakhriya," akasema. "Fakhriya binti Saif. Nimekurejea. Sadalla shahidi, Mwinyimvua shahidi." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, kama mtoto anayekiri kabla hajaulizwa, "Na halua tangu uondoke nimekula mara mbili tu." Akafikiri. "Tatu."

Pazia halikutikisika. Bi Mauza akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasingizia vumbi.

"Nimesikia," ikasema sauti. "Kunirejea ni haki yako, na mimi siikatai. Lakini mlango ni wa mdogo wangu, na sanduku ni langu. Una nini kwapani?"

"Mkate."

"Nani kausuka?"

"Mpuuzi huyu hapa."

"Na aliyekutoa dukani asubuhi hii ni nani?"

Mzee akageuka kunitazama. Mwalimu naye akanitazama, na Mwinyimvua. Mimi nikalitazama dele.

"Kuna bwana wa Tanga," mzee akasema taratibu. "Mwenye minazi. Mwenye meno."

Nikajua nimekwisha, nitafukuzwa hata jikoni.

"Ah, yule," akasema Bi Fakhriya. "Ameshatuma mtu mara mbili."

Naapa sikuwa nimemwambia neno. Mzee Muhiddin akakaa chini barazani bila kukaribishwa.

"Sasa sikiliza," sauti ikaendelea. "Mimi nafunga vitu vyangu. Wewe kaa hapo, ule mkate huo wa Tarsis mpaka uishe, kwa kahawa chungu, bila kashata. Ukimaliza kabla yangu, tutafuatana nyumbani. Nikimaliza kabla yako, nalifungua sanduku tena."

Mwinyimvua akamimina kahawa. Mzee akaumega mkate, au alijaribu kuumega, mwishoni ikabidi auvunjie ukingoni mwa baraza. Vitunguu vyangu vibichi vikamtoa machozi. Ule upande wa chini alioutafuna ulisikika mpaka upande wa pili wa mtaa. Ndani tulisikia sanduku likisogezwa, nguo zikikung'utwa, na Bi Mauza akicheka mdomo ameuziba.

Mwalimu Sadalla akaona huruma, akanyoosha mkono achukue kipande.

"Asisaidiwe," ikasema sauti.

Mwalimu akaurudisha mkono, akaanza kusoma uradi.

Kikombe cha nne, mkate ukawa umebaki ncha moja, ile nyeusi kabisa, ngumu kama kigingi. Mzee aliitazama. Akatazama pazia. Akatutazama sisi, nasi kwa adabu tukageukia barabarani, ambako hakukuwa na cha kutazamwa. Taratibu sana akaishusha ile ncha, akaitia mfuko wa kanzu, akapangusa mikono, akasema kwa sauti ya mtu mzima mwenye mali yake, "Alhamdulillahi. Nimemaliza."

Bi Fakhriya akatoka akiwa amevaa buibui, akasimama kizingitini, na nyuma yake sanduku limefungwa kamba. Walitazamana. Miezi mitatu hawakuwa wameonana, na mzee alianza kutabasamu kwanza kwa jicho moja.

"Na hicho cha mfukoni," akasema Bi Fakhriya.

Mzee akakitoa, akakipuliza vumbi, akakila.